Psycopg 3 baada ya miaka miwili: draiva yenyewe, na mikono inayoishika

Wakuu habarini. Naandika hii kwa yeyote anayetengeneza mifumo kwa Python na data zake anaziweka kwenye databesi ya PostgreSQL, hasa nyie mnaofanya kazi kama sisi, ofisi ndogo ya watu watatu Sinza, wateja wetu ni SACCOS na maduka ya jumla, na mfumo ukilala saa moja tu mwisho wa mwezi simu hazikomi. Psycopg 3, draiva inayounganisha Python na PostgreSQL, nimeitumia miaka miwili na kitu sasa, kabla ya hapo nilikuwa na psycopg2, ile ya zamani, tangu naanza kazi, kwaiyo nasema nilichokiona kwa mikono yangu.

Kwa asiyefuatilia sana mambo haya, draiva ndo kile kipande kinachokaa katikati ya programu yako na databesi. Wewe unaandika Python, PostgreSQL ina lugha yake, draiva inabeba maneno huku na kule, inahakikisha tarehe inafika ikiwa tarehe na hela inafika ikiwa hela, senti isipotee njiani. Mteja haioni na wala hajui kama ipo. Lakini mama anayeweka elfu kumi yake ya wiki kupitia simu, ile elfu kumi inapita humo, na mkopo wake unapita humo, kila kitu kinapita humo.

Nianze na kuinstoli maana hapo ndo wengi tuliumia. Psycopg2 kwenye mashine mpya unaandika pip install, maandishi mekundu yanashuka ukurasa mzima, mwisho inalalamika haijaiona pg_config. Nimeona vijana wa fildi wanakaa na hilo kosa siku nzima, bando limeisha kwa kushusha vitu visivyohusika kabisa. Ilikuwa inajikompaili kwenye mashine yako, inataka kompaila ya C (programu ya kugeuza kodi iwe kitu mashine inakiendesha) na inataka faili za libpq (maktaba ya PostgreSQL yenyewe ya kuongea na seva), na hakuna aliyekwambia mapema. Baadaye, 2018, wakaleta psycopg2-binary iliyokwisha kukompailiwa, ila wenyewe wakaandika wazi kwamba isitumike kwenye mfumo wa kazi kwa sababu inabeba libssl yake ndani (maktaba ya kusimba mawasiliano), ikikutana na libssl nyingine kwenye Python ileile programu inaweza kufa ghafla bila hata kuacha ujumbe. Sasa hivi unaandika pip install "psycopg[binary]" na umemaliza (jina ni psycopg bila namba, usihangaike kutafuta psycopg3). Anayetaka kukompaili mwenyewe kuna psycopg[c], na ukiacha vyote viwili unapata ile ya Python tupu inayotumia libpq iliyopo kwenye mashine yako. Njia tatu, zote zimeelezwa kwenye ukurasa mmoja. Hapo nawapa alama zote.

Kilichonifanya niipende kabisa lakini ni COPY, amri ya PostgreSQL ya kumwaga data nyingi kwa mkupuo. Tulikuwa tunahamisha madaftari ya SACCOS moja, miamala ya miaka mingi iliyokuwa kwenye Excel, na kwa psycopg2 nilikuwa nasukuma kwa executemany, ambayo kwa jina unadhani inatuma vyote pamoja kumbe kule ndani inatuma INSERT moja moja, inasubiri jibu, inatuma nyingine. Seva ipo Ulaya, mimi nipo Sinza, kila safari moja ya kwenda na kurudi unaihesabu. Nilikuwa naiwasha naenda kula. Kwa psycopg 3 unafungua cur.copy, unaita write_row kwa kila mstari, orodha ya Python ya kawaida tu, yenyewe inajua kugeuza, na kazi ile ile iliisha hata chai sijamaliza. Na tangu toleo 3.1 la 2022 hata executemany imebadilika, inatumia paipulaini, yaani inatuma maombi mengi mfululizo bila kusubiri jibu la la kwanza. Kwa mtu ambaye seva yake ipo mbali na yeye, na wengi wetu ndo tulivyo, hii siyo urembo, ni muda na ni bando.

Haya, palipotuuma. Psycopg 3 siyo psycopg2 iliyopakwa rangi, imeandikwa upya, na kitu kikubwa kilichobadilika ni kwamba sasa kwiri (ombi unaloliandikia databesi) na thamani zake zinatumwa seva kila kimoja kivyake, wakati zamani draiva ilikuwa inazichanganya upande wako kisha inatuma sentensi moja iliyokamilika. Ni salama zaidi, nakubali, ila kodi (code) zako za zamani zitalia. Ile tuliyozoea ya kuandika IN %s halafu unampa tupo (tuple ya Python), haifanyi kazi tena, utapata kosa la sintaksi karibu na $1 na utakaa unashangaa, inatakiwa = ANY(%s) na unampa listi. Na ukifungua konekshini kwa with, zamani ikifika mwisho wa bloku ilikuwa inafunga muamala tu na konekshini inabaki, sasa hivi inafunga konekshini yenyewe. Sisi tulikuwa na skripti inayotumia konekshini moja kwenye bloku tatu mfululizo, ya kwanza ikapita, ya pili ikafa.

Lakini lililotukosesha usingizi ni la PgBouncer, programu inayokaa mbele ya PostgreSQL na kuwagawia wengi konekshini chache. Tuna skripti inayopokea taarifa za malipo ya simu, iko nje ya Django (fremuweki ya Python ya kutengeneza wavuti), inaongea na databesi moja kwa moja kupitia PgBouncer kwa mtindo wa kugawa konekshini kwa kila muamala. Kwenye laptopu kila kitu safi. Tukapandisha jioni, safi. Asubuhi malipo yanaanza kuingia kwa wingi, makosa kila dakika, inasema sijui _pg3_0 ipo tayari. Tukaja kuelewa baadaye: psycopg 3 ikiona kwiri ileile imerudiwa zaidi ya mara 5 kwenye konekshini moja inaiandaa mapema kule seva ili iende haraka, sasa PgBouncer inakubadilishia konekshini za nyuma bila wewe kujua, maandalizi yako yapo kwenye moja, wewe upo kwenye nyingine. Ndo maana jaribio la mara mbili tatu halikuonyesha kitu. Dawa ni mstari mmoja, prepare_threshold=None, na upande wa Django hata hutakutana nalo maana Django wenyewe wameshaizima. Yote haya yameandikwa kwenye maelezo yao, kuna ukurasa mzima wa tofauti na psycopg2, na siyo siri. Hatukuusoma wote kabla ya kupandisha, nawaomba nyie muusome.

Sasa hapa ndo nilipotaka kufika. Yote hayo juu ni mambo ya wiki mbili tatu, unayajua unayarekebisha yameisha. Kinachoamua kama draiva ni nzuri kwa miaka kumi ni nani anaishika na akichoka nani atapokea. Hili nimelijifunza kwa kuumia.

Kabla ya ofisi hii niliwahi kufanya kazi sehemu ambayo mfumo wao ulikuwa wa lugha ya Go na databesi ya MongoDB, na draiva ilikuwa mgo. Mgo ilikuwa nzuri jamani, sijui niseme vipi, ilikuwa safi kiasi kwamba kwa miaka mtu akisema Go na Mongo anamaanisha mgo. Aliitengeneza Gustavo Niemeyer, kwa sehemu kubwa yeye. 2018, baada ya kama miaka saba, akaandika kwamba anasimama kuitunza. Simlaumu hata chembe, miaka saba ya kujibu maswali ya watu usiowajua ni mingi. Mwaka huohuo MongoDB 4.0 ikatoka na miamala ya dokumenti nyingi kwa pamoja, kitu ambacho bosi wetu alikuwa anakisubiri kwa hamu, na mgo haikuwa nayo wala haitakuwa nayo. Kampuni ya GlobalSign walikuwa na nakala yao wanaiendeleza pembeni, wakapokea marekebisho ya watu, ikasaidia kwa muda. Halafu Machi 2019 MongoDB wenyewe wakatoa draiva yao rasmi ya Go toleo 1.0, na mkondo wote ukahamia huko. Ila draiva rasmi haikufanana na mgo, majina tofauti, mtindo tofauti, kila mahali panataka context. Tulitumia miezi kuandika upya kitu ambacho mteja hakukiona na asingekilipia. Miezi, wakuu. Na hakuna aliyekosea.

Upande wa MySQL na Python kulitokea la aina yake tena. Draiva ya zamani MySQLdb ya Andy Dustman ilibaki Python 2, watu wanataka Python 3, ndo Inada Naoki wa Japani akachukua nakala akaipa Python 3 akaiita mysqlclient, na leo ndo hiyo Django wanayokushauri uitumie. Huyohuyo ndo anayeitunza PyMySQL kwa miaka mingi sasa, na hiyo hakuianzisha yeye. Mtu mmoja, draiva mbili ambazo nusu ya wavuti ya Python inayotumia MySQL inazipitia, na zote alizipokea kutoka kwa wengine. Sidhani kama wengi wetu tunalijua hata jina lake.

Ndo nikaanza tabia ya kuangalia. Kabla sijaweka draiva kwenye mfumo wa mteja nafungua ripo yake (hifadhi ya kodi zake mtandaoni), sihesabu nyota, naangalia nani ameunganisha marekebisho miezi sita iliyopita na kama ni jina moja au zaidi. Naangalia toleo la mwisho lilitoka lini. Naangalia kama kuna anayejibu mabagi (ripoti za hitilafu) yaliyofunguliwa na wageni, siyo ya marafiki zake tu. Na naangalia ni nani mwenye funguo za kuchapisha toleo jipya, maana mradi unaweza kuwa na wachangiaji mia, mwenye funguo akiugua, mia wote wanakaa kusubiri.

Kwa kipimo hicho psycopg ina hadithi nzuri kuliko nyingi. Ilianzishwa na Federico Di Gregorio mwaka 2001. Daniele Varrazzo alikuja kwanza kama mtu wa kuleta marekebisho, akaendelea kuleta, akaendelea, mpaka kazi ya kila siku ikawa kwake. Ukifungua faili za psycopg2 leo, mistari ya juu kabisa ya haki miliki, utaona jina la Federico mpaka 2019, kisha kuanzia 2020 imeandikwa timu ya Psycopg. Mimi ule mstari naupenda sana. Mtu ameshika kitu karibu miaka ishirini, akaachia, hakuna kelele, hakuna nakala mbili zinazopigana, hakuna aliyeamka asubuhi mfumo wake umekatika. Wengi tuliendelea kuandika pip install psycopg2 bila kujua kwamba mikono imebadilika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tumeona pia upande wa pili. Ile ya xz ya 2024 mnaikumbuka. Siyo draiva ya databesi, ni maktaba ya kubana mafaili, lakini kisa ndo hichohicho cha kutafuta mtu wa kupokea. Lasse Collin aliishika kwa miaka mingi, amechoka, amesema wazi kwamba hali yake ya afya ya akili imemsumbua. Mwaka 2022 majina yasiyojulikana yakaanza kumsukuma hadharani, mbona unachelewa, mbona humpi mwingine. Na kuna huyo Jia Tan ambaye tangu 2021 alikuwa analeta marekebisho. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, huyu alishika jembe zaidi ya mwaka na alilima kweli, ndo akapewa funguo. Februari 2024 toleo 5.6.0 likatoka na mlango wa nyuma ndani yake, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL yenyewe, alikuwa anapima mambo yake ya spidi akaona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) kunachelewa kama nusu sekunde na prosesa inafanya kazi isiyoeleweka. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema ni intaneti. Yeye akachimba, tarehe 29 Machi akaweka hadharani.

Kwaiyo mtu akiniuliza watunzaji wapya wanapatikana vipi, namjibu kwamba tangazo peke yake halitoshi. Ukibandika tangazo kwamba unatafuta mtu, atakayekuja wa kwanza humjui, na wewe umechoka, ndo muda mbaya zaidi wa kumpima mtu. Wanapatikana kabla ya kuhitajika. Paipulaini niliyoisifia huko juu ililetwa na Denis Laxalde wa Dalibo, kampuni ya PostgreSQL ya Ufaransa, na hapo kuna kitu cha kujifunza, kuna kampuni inayoishi kwa PostgreSQL, imemwachia mfanyakazi wake muda wa kazi, mtu anaijua kodi kwa ndani, akitakiwa kesho kushika zaidi siyo mgeni. Njia nyingine ni kuweka mradi kwenye nyumba yenye utaratibu wake, kama DataStax walivyoikabidhi draiva yao ya Java ya databesi ya Cassandra kwa shirika la Apache, na gocql, draiva ya Cassandra kwa Go, nayo ipo chini ya Apache sasa. Utaratibu wa Apache ni mzito, kupiga kura kwa kila toleo, watu wanaulalamikia, lakini funguo hazikai mfukoni mwa mtu mmoja.

Na hapa ndo nakata nusu nyota kwa psycopg, japo najua kosa siyo la Daniele. Angalia ripo yao, uzito mkubwa bado upo kwake. Mwaka 2020 alipoanza kuandika toleo la 3 alitafuta wafadhili ili aweze kulifanya, toleo 3.0 likatoka Oktoba 2021, na mpaka leo anapokea michango. SQLAlchemy 2.0 (maktaba ya Python ya databesi) wanaijua, Django tangu 4.2 ya Aprili 2023 wanaijua, maana yake makampuni mangapi duniani, benki ngapi, na sisi huku na SACCOS zetu, tumeegemea bega la mtu mmoja. Leseni ni LGPL, unaitumia kwenye mfumo wa kibiashara bure bila shida yoyote. Sisi tumekubaliana dola 10 kila mwezi, tunalipa kwa kadi ya Visa ya kwenye simu, na kwenye ankara ya mteja tumeweka mstari wa matengenezo ya programu za msingi. Mteja mmoja aliuliza ni nini, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, akakubali bila ubishi.

Hela siyo lazima. Kijana wetu mmoja alianza kwa kusoma mabagi yaliyo wazi, anachukua moja, anajaribu kulirudia kwenye mashine yake, anaandika toleo gani la Python, toleo gani la PostgreSQL, linatokea au halitokei. Kazi hiyo haina sifa na hakuna anayeipigia makofi, lakini mtunzaji anayeamka na mabagi ishirini akikuta matano tayari yamethibitishwa, umempa nusu siku. Na huyo kijana baada ya miezi kadhaa anaijua ndani ya psycopg kuliko mimi. Sijui kama atakuja kushika kitu kikubwa, natamani sana, ila hata asiposhika, ofisini kwetu kuna mtu anayeweza kufungua draiva na kuelewa kinachoendelea, na hilo miaka ile ya mgo hatukuwa nalo.

Alama zangu: draiva yenyewe nyota 5, maelezo yake 5, kuhama kutoka psycopg2 nipe 3 na nusu kwa sababu utafanya kazi kweli, siyo kubadilisha jina tu, na kwa mikono 4 na nusu. Unaanza mradi mpya leo? Weka psycopg[binary], usifikirie mara mbili. Una mfumo wa zamani unaotembea vizuri na psycopg2? Hakuna haraka, bado inatunzwa, ila vipengele vipya usivitegemee huko. Tenga wiki mbili, tafuta kila IN %s, tafuta kila with conn, angalia kama una PgBouncer katikati, na upandishe katikati ya mwezi siyo tarehe 28. Mfumo wetu mmoja wa duka la jumla bado upo psycopg2, tutauhamisha Januari wakishamaliza kuhesabu stoki.